Hapa Iko Bombe

Kwenye ukuta wa mbao wa nyumba ya kina Sagesse, upande unaotazama njia, kulikuwa na maneno ya rangi nyekundu: HAPA IKO BOMBE. USICHIMBE. S yake ilikuwa imegeuka, inatazama ilikotoka. Sagesse, binti wa nyumba hiyo, ndiye aliyeandika, kwa mkono wake mwenyewe, naye shule aliiacha mwaka wa nne wa msingi. Watu wa avenue, mtaa wao, hawakumcheka kwa sababu ya S. Walimcheka kwa sababu ya bombe.

Kicheko chenyewe kilikuwa na chanzo. Huku Kadutu, Bukavu, kwenye miteremko ambako mlango wa mmoja uko juu ya bati la mwingine, ukuta usioandikwa ni ukuta usio na mwenyewe. Baba wa nyumba akifa, kilio hakijaisha, wadogo zake wameanza kupima kiwanja kwa macho. Mjane anakimbilia rangi: PARCELLE HII HAIUZISHWE. Mwingine anaongeza kwamba kesi iko mahakamani: IKO KWA TRIBUNAL. Mwingine anaandika mbwa mkali wakati hata paka hana. Mwaka uliopita mama mmoja wa avenue ya chini aliandika HAPA IKO KABURI ili wanunuzi waogope, na kaburi halikuwapo. Na rangi ya maneno yote hayo inatoka kwenye mkebe mmoja, wa Papa Ezéchiel, mzee anayechora majina ya maduka na misalaba ya makaburi.

Basi Sagesse alipoandika bombe kwa rangi ileile, watu walisoma, wakatikisa kichwa, wakasema: mambo ya mirathi.

Na mirathi kweli ilikuwapo. Baba yake Sagesse alikuwa amefariki, na tonton Floribert, mdogo wa marehemu, alikuwa amepata mnunuzi. Mnunuzi alitaka ukingo wa udongo nyuma ya jiko ukatwe, pawe sawa, ajenge nyumba ya matofali. Wachimbaji wangekuja Jumamosi na sururu zao.

Lakini bombe pia lilikuwapo, bomu la kweli. Wiki tatu nyuma, asubuhi ile milipuko ilipoupiga mji, mama akiwa anapepea makaa ya mbabula, kitu kilishuka kutoka juu kikipiga mluzi, kikatoboa bati la jiko, kikapita kati ya mbabula na ndoo ya maji, kikazama katika ule ukingo. Hakikupasuka. Kilibaki na mkia nje, urefu wa kiganja, mabawa yake madogo kama ya samaki. Lingine lililoanguka nyumba tatu chini yao lilipasuka, likamchukua Christine, rafiki yake Sagesse, aliyekuwa amekaa mlangoni anasuka mtu nywele. Mtu aliyekuwa akisukwa alipona. Alizikwa Christine, na yule mtu akaenda maziko na nusu ya kichwa kimesukwa, nusu bado, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kummalizia.

Mama yake Sagesse alichukua beseni kubwa la kufulia akaufunika ule mkia. Tangu siku hiyo walipikia mbele ya nyumba, na kufua walifulia kwa jirani.

Shefu wa avenue, Papa Patrice, aliitwa mara tatu. Mara ya tatu ndipo alipokuja. Alisimama njiani, akasoma ukuta, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Sagesse! Mwaka jana mwenzako alileta kaburi. Weye unaleta bombe. Mwaka kesho nani ataandika volcano?"

"Papa, ingia tu uangalie. Hatua kumi."

"Siingie. Nikiingia nikaangalia, kesho kwa tribunal watasema shefu iko upande ya mujane. Ile iko mambo ya familia. Muite Floribert, mukae, mukule bugali, muongee."

"Bombe haiko mtoto ya Floribert," alisema mama.

Sagesse alikuwa nyuma ya mama yake, macho chini, vidole vikisokota ncha ya kitenge. Ndivyo alivyokuwa. Alizungumza na kifua chake, watu wakawa wanamuuliza mara mbili mbili alichosema, na mara ya pili akawa hasemi. Siku hiyo pia alikuwa na la kusema. Alitaka kumwambia shefu kwamba Christine naye alikuwa mambo ya familia, na kwamba familia ilikuwa imeyachota mambo hayo kwa sepetu. Akaendelea kusokota kitenge.

Alhamisi, siku mbili kabla ya wachimbaji, Sagesse alishuka Nguba, mtaa wa ziwani. Alikuwa ameitwa. Madame Nathalie, mama wa shirika moja, alipita kwenye avenue baada ya milipuko akiandika majina ya walioguswa, na alipomwona Sagesse ameinama hivyo, mpole, na habari ya rafiki aliyekufa, alimpenda. Kulikuwa na semina ya siku mbili katika ukumbi mmoja karibu na ziwa. Huko Ulaya nchi zingekutana, kila moja iseme msimamo wake juu ya mabomu yanayotupwa kwenye makazi ya watu, na shirika lilitaka sauti ya Bukavu ifike huko, ili nchi yetu isisimame mbele za watu kusema tu kwamba inasikitika. Sagesse angetoa ushuhuda, dakika tatu.

"Mi sitaweza kusema mbele ya batu," alimwambia mama yake.

"Hauendi kusema. Unaenda kutafuta ule mwenye kutoaka mabombe. Madame alisema atakuwa pale. Umuone, umulete."

Ukumbi ulikuwa mzuri. Kila kiti kilikuwa na chupa ya maji na kalamu. Mbele alikaa Maître Gérard, mwanasheria, sauti nene, na nyuma yake ukutani maandishi yaliyotupwa na taa ya mashine. Sagesse alipewa kadi ya kuning'iniza shingoni. Hakuweza kusoma yote iliyosema, ila jina lake alilisoma.

Asubuhi nzima walibishana juu ya maneno mawili. Wengine walitaka andiko liseme "penye makazi ya watu." Wengine walitaka "penye msongamano wa watu." Bwana mmoja aliyevaa tai alisimama akauliza: bombe likimwangukia mkulima mmoja shambani kwake Kalehe, je, huo ni msongamano? Watu wakafikiri sana. Mwingine akasema mkulima na mbuzi wake. Wakacheka, wakaenda mbele. Kisha likaja swali la nani aliyatupa mabombe yale, na hapo ukumbi mzima ukaanza kutafuta kalamu zake. Maître Gérard akasema tuandike "pande zote." Wakaandika pande zote. Sagesse alitazama yale maneno ukutani akawaza: bombe la kwetu limetoka upande mmoja tu, wa juu.

Wakati wa chakula alimtafuta mtu wa mabombe. Aliitwa Jacques, mwembamba, mpole, amesimama dirishani na sahani ya sambaza, vidagaa vya ziwani. Sagesse alisimama karibu naye mpaka sambaza zikakaribia kwisha ndipo akafungua kinywa. Jacques aliinama amsikie. Alimsikiliza vizuri, hilo lazima lisemwe. Aliuliza mkia una rangi gani, mabawa mangapi.

"Dada, hiyo ni ya kweli. Musiiguse. Hata ile beseni musiiguse tena."

"Twende basi."

"Siwezi. Nikitoka na vyombo bila ordre de mission, karatasi ya ruhusa, kwenye barrière ya kwanza askari wananikamata. Ordre inatoka kwa bureau, ofisi yetu. Bureau inaomba karatasi ya shefu wa avenue."

"Shefu anakatala. Anasema iko mambo ya mirathi."

Jacques alitazama sahani yake. "Basi umuombe tena," alisema. "Kwa upole."

Wiki tatu Sagesse alikuwa mpole. Maisha yake yote alikuwa mpole. Hapo dirishani, na ziwa linang'aa nje kama hakuna kilichotokea duniani, alijiuliza upole huo umempatia nini.

Walipomwita mbele, Madame Nathalie alimpa karatasi iliyokwisha kuandikwa. Ilikuwa Kifaransa, mistari mingi, inaanza na Moi, yaani mimi, kisha jina lake. Sagesse aliitazama. Mtu mwingine alikuwa amekaa mahali akaandika alivyoumia yeye. Akaikunja. Kipaza sauti kikasogezwa kinywani mwake kwa kuwa sauti haikutoka, kikalia, watu wakaziba masikio. Ndipo akasema, akitazama chupa ya chai ili asiwatazame wao:

"Bombe ya kwetu haijapasuka. Iko nyuma ya jiko. Jumamosi batu banakuja kuichimba na sururu. Nani anaenda na mimi leo?"

Kiti kililia mahali.

"Aksanti," alisema Maître Gérard. "Aksanti sana, ma fille, kwa ushuhuda huu unaogusa roho."

Na wakapiga makofi. Wote, wamesimama. Madame Nathalie alifuta macho kwa leso akamnong'oneza: "Ndiyo hiyo hasa tulitaka." Wakampiga picha. Mtu wa mashine akaandika ukutani kwamba waathirika wanaendelea kuishi kwa hofu, na bwana wa tai akauliza kama ni "kwa hofu" au "katika hofu."

Njia ya kutoka Nguba kupanda Kadutu ni ndefu kwa miguu. Sagesse aliipanda bila kupumzika. Alikuwa na hasira ya kwanza ya maisha yake iliyokaa zaidi ya saa moja, na hakujua aibebe vipi. Kama wangemfukuza, angelia, yangeisha. Kama wangemcheka kama shefu alivyocheka, amezoea. Lakini yale makofi! Kama ameimba vizuri. Kama bombe ni wimbo.

Mama alimngoja mlangoni. "Iko wapi, mutu ya bombe?"

"Hakukuja. Bote banasikia, mama. Banapiga mikono."

"Mikono," alisema mama. "Na miguu je? Haikuweza kutembea mpaka hapa?"

Sagesse aliingia ndani. Alilala na swali hilo, akaamka nalo.

Ijumaa, mwanga ulipoanza tu, alikuwa mlangoni kwa Papa Ezéchiel.

"Papa, naomba mkebe."

"Unaandika tena? Floribert amefuta?"

"Hapana. Ninaandika mahali pengine."

Mzee alimtazama. Msichana huyu alikuwa hajawahi kumtazama machoni, na leo alikuwa anamtazama. Akampa mkebe na brashi. "Safari hii uangalie S," alisema.

Ukumbi wa Nguba ulikuwa na lango la chuma jeupe, safi kama shati la komunyo. Sentineli, mlinzi wa lango, Papa Fabien, alikuwa amekwenda kununua mkate. Sagesse aliweka mkebe chini akaandika kwa herufi kubwa: HAPA IKO BOMBE. S haikuwamo katika maneno hayo. Halafu akaongeza USICHIMBE, kwa mazoea, S ikageuka vilevile. Akaenda kukaa ng'ambo ya njia juu ya jiwe, mkebe magotini.

Papa Fabien alirudi na mkate kwapani. Alisoma. Hakucheka. Hakuuliza kiwanja ni cha nani, nani amefiwa, nani anamuuzia nani. Aliutupa mkate akakimbia akigonga malango ya majirani kwa ngumi: "Bombe! Mutoke! Bombe!"

Sagesse alikaa kwenye jiwe akatazama. Madame mmoja alitoka na vazi la kulalia, simu sikioni. Magari yalitolewa kwa kurudi nyuma, moja likagonga ukuta. Washiriki wa semina walianza kufika na mafaili yao, wakazuiwa, wakarundikana upande wake wa njia. Msongamano wa watu kweli, sasa ulikuwapo. Maître Gérard alipiga simu tatu, akitaja majina ya wakubwa. Haikupita nusu saa, jeep nyeupe ikafika, Jacques ndani na wenzake wawili, vifua vimevaa ngao. Mkononi alikuwa na karatasi yenye muhuri ambao wino wake haujakauka.

Nusu saa. Kwao Kadutu, wiki tatu.

Alisimama. Alivuka njia mpaka langoni, akaweka mkebe chini mbele ya watu wote, na Jacques akamwona, akaona vidole vyake vyekundu.

"Sagesse?" Madame Nathalie aliita kutoka mbali. "Sagesse, ni weye? Toka pale!"

"Hapa haiko kitu," alisema Sagesse. Na sauti ilitoka, bila kipaza sauti, mpaka madame wa vazi la kulalia aliisikia. "Ni miye niliandika. Rangi ni ileile ya kwetu. Mkono ni uleule. Maneno ni yaleyale. Kwetu mulisema mirathi. Kwenu mumekimbia bila viatu!"

"Huyu mutoto ni wa kupeleka kwa polisi," alisema bwana wa tai.

"Unipeleke! Kwanza umupeleke ule mwenye kutupa. Unamujua jina, jana ulikatala kuandika. Pande zote, pande zote! Christine hakuwa upande. Alikuwa kwa mlango yake na kitana mukononi. Mutaenda kusema kule Ulaya inchi yetu inasimama vipi? Inasimama vile muko munasimama sasa. Ngambo ya njia!"

Hakuna aliyepiga makofi.

Sagesse aligeuka kwa Jacques. "Karatasi umepata. Twende."

"Karatasi inasema Nguba."

"Kalamu hauna? Jana kila kiti ilikuwa na kalamu."

Jacques aliitazama karatasi, akautazama muhuri. Wenzake walikuwa wanatazama matairi ya jeep. Kisha akaiweka juu ya boneti, akatoa kalamu ya semina mfukoni, na chini ya neno Nguba akaongeza neno Kadutu, kwa mwandiko mbaya wa haraka. "Panda," alisema. "Kabla hawajakumbuka kunikataza."

Kwenye barrière, askari aliisoma karatasi ikiwa juu chini, akaona muhuri, akainua kamba.

Walipofika, tonton Floribert alikuwa amesimama mbele ya nyumba na watu wanne wenye sururu. Alikuwa amewaleta siku moja mapema, akijua Sagesse yuko Nguba. Mama alikuwa amejilaza chini mlangoni mwa njia ya kwenda jikoni, ameshika miimo kwa mikono miwili, na Floribert anamwambia inuka, shemeji, unatutia haya. Mchimbaji mmoja alikuwa amekwisha kupita kwa nyuma, kwa uzio wa jirani. Beseni la kufulia lilikuwa chini ya makalio yake. Alikuwa ameliondoa ukingoni, ameligeuza kiti, anafunga kamba za buti.

"Usisimame haraka," Jacques alimwambia, taratibu, kama anayemwamsha mtoto. "Weka ile sururu chini. Pole. Njoo kwangu."

Yule mtu aligeuza kichwa akaona mkia, kiganja kimoja kutoka mgongoni kwake. Alikuja kwa Jacques akitembea kwa magoti na mikono.

Avenue nzima ilihamishwa mpaka uwanja wa mpira. Papa Patrice alipiga filimbi akapanga watu mistari, akimwambia kila aliyemsikia kwamba yeye ndiye aliyetoa taarifa. Floribert alimuuliza mtu wa jeep kama mahali palipotolewa bombe panaweza kuandikwa kwamba ni salama, kwa ajili ya mnunuzi, na mtu wa jeep akamsukuma mstarini. Ilipokaribia saa kumi Jacques alitokea njiani, jasho linamtiririka hadi viatuni, na nyuma yake wenzake wakabeba sanduku la mbao lililojaa mchanga, hatua kwa hatua, kama wanaobeba mgonjwa. Mama alikaa chini majanini akalia, beseni lake, aliloletewa na Jacques, mapajani.

Jumamosi asubuhi Sagesse alishuka tena Nguba na ndoo, sabuni, kitambaa na brashi ya kusugulia. Alikuwa amechukua lango la watu, alikuja kulirudisha. Ndani ya ukumbi walikuwa wanamaliza siku ya pili iliyoharibika, na dirishani ilisikika sauti nene ya Maître Gérard akisoma andiko la mwisho. Pande zote zinaombwa. Pande zote zinakumbushwa. Penye makazi ya watu, ndiyo, hilo lilikuwa limeshinda.

Alisugua. Rangi ya Papa Ezéchiel haikutaka kutoka. Nyekundu ikawa ya waridi, maneno yakabaki yakisomeka kwa mtu anayetaka kusoma. Papa Fabien alimletea maji mara mbili, kisha akauliza:

"Wameitoa, ile ya kwenu?"

"Wameitoa."

"Basi imeisha. Mungu iko."

"Haijaisha," alisema Sagesse. Alikamua kitambaa, maji mekundu yakashuka mtaroni. "Jacques anasema kwa avenue ya chini ziko zingine mbili. Zote bila karatasi." Aliinua ndoo akaiweka kichwani. "Umwambie Madame, papa. Mkebe haujaisha rangi."